Binti Aliyemwacha Patrick: Kutoka Troyeville hadi Randburg

Mmeniuliza kwa simu, mmeniuliza kwa ujumbe, na mmoja wenu alinisimamisha barabarani nikiwa nimebeba nyanya mikononi kama mtoto mchanga: iliwezekanaje safari ya kutoka Troyeville kwenda Randburg, hapa hapa Johannesburg, ambayo mtu mwenye gari zima huimaliza redio ikiwa bado kwenye matangazo, itumeze Jumamosi nzima? Naandika mara moja ili nisiisimulie tena. Mambo ya nani aliazima nini na nani aliomba ruhusa wapi nayaacha. Naanza na gari, ingawa gari lenyewe halikutaka kuanza.

Troyeville, mbele ya duka la fundi

Tulikuwa wanne.

Wa kwanza ni Sifa, rafiki yangu, msusi ambaye mikono yake huongea hata mdomo ukinyamaza. Siku hiyo alikuwa anakwenda kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mama yake Kevin, mchumba wake. Ni Wakenya, watu wa benki na wa kanisa, wenye nyumba Randburg ambayo hata mbwa wake ana ratiba. Mama Kevin alikuwa amesema bila kuficha: akimpenda msichana, harusi ipo, asipompenda, haipo. Na Kevin ni kijana mwema wa aina ile inayomwomba mama ruhusa ya kununua soksi.

Sasa, kabla ya Kevin alikuwepo Patrick. Siku ya harusi yao Patrick hakutokea. Sifa alisimama mlangoni mwa kanisa na maua mkononi mpaka maua yakainamisha vichwa kabla yake. Tangu hapo aliapa kwamba hatasimama tena kwenye mlango wa mtu yeyote. Kwenda Randburg kulikuwa kukivunja kiapo hicho.

"Hawa nao wakinirudisha," aliniambia asubuhi ile, "nitafungua saluni mwezini. Huko hakuna makanisa."

Wa pili ni Papa Mwamba, baba yake mdogo, fundi cherehani wa Lubumbashi, mwenye gari. Alikuwa amemshonea Sifa gauni la kitambaa cha njano, zuri kama asubuhi yenyewe, isipokuwa halikuwa na vifungo. Vifungo alivyovitaka vilikuwa Newtown tu, kwa mama mmoja, na hakuna mama mwingine duniani aliyemfaa. Kwa hiyo Sifa alipanda gari akiwa ameshikiliwa na pini, akikaa wima kama mshumaa.

Wa tatu ni mgeni wangu, Doña Marta. Doña ni heshima ya kwao, kama sisi tunavyosema Bi. Ni mwanaisimu kutoka milima ya Guatemala, na lugha ya mama yake ni K'iche', moja ya lugha za Kimaya. Alikuja Johannesburg kwa mkutano, mkutano ukaisha, ndege yake ikawa bado, na katika kundi letu la waandishi mwenye sofa inayokunjuka ni mimi. Kiswahili alijifunza vitabuni na kwa mtawa mmoja wa Kikongo. Alikisema vizuri kabisa, ila alikuwa amekipanga samani upya: kitenzi mlangoni, kitendwa kikifuata, mtendaji huko nyuma jikoni.

"Amekula mkate Papa," alisema, akimwonyesha Papa Mwamba anavyotafuna.

Mkate wenyewe aliupika yeye. Alitaka kutuonjesha chapati za mahindi za kwao, akatumia unga wetu wa dukani, na kilichotoka kwenye kikaango kilikuwa kigumu, cheupe, na chenye huzuni.

"Hii ni bukari," alisema Papa Mwamba, akitumia jina la ugali wa kwao, "lakini gari imepita juu yake."

"Ni pap iliyofiwa," alisema Sifa, akitumia jina la ugali wa hapa.

Doña Marta alicheka mpaka akafuta macho. Alizifunga zote kwenye kitambaa azipeleke Randburg kama zawadi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzuia.

Papa Mwamba aligeuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Gari likakohoa.

"Minajua gari yangu," alitutuliza. "Asubuhi iko na aibu. Musiitazame."

Tukageuza nyuso zetu wote wanne, tukatazama ukuta. Naapa kwenu: likawaka.

Njiani kwenda mjini, penye roboti

Hatukufika mbali. Kwenye njia panda ya pili magari yalikuwa yamesongamana kila upande, yakipigiana honi kama bata.

"Eish," alisema Sifa. "Roboti imekufa."

Doña Marta akajishika kifua. "Amekufa lini roboti?"

"Tangu jana, Mama," alijibu Papa Mwamba.

"Na hawajamzika watu?"

Ilibidi nimweleze kwamba hapa roboti ni zile taa za barabarani, nyekundu na kijani, na kwamba zikizimika kila dereva huwa mfalme wa nchi yake. Aliniangalia kwa masikitiko, kana kwamba nimemnyang'anya hadithi nzuri zaidi.

Tulikaa hapo muda wa kutosha mtu kusoma riwaya fupi. Mijakaranda ilikuwa imechanua. Maua ya zambarau yalidondoka juu ya paa la gari letu moja moja, kama vile mti ulikuwa unafikiri kwa sauti. Doña Marta alitoa mkono dirishani, akanyoosha kidole juu kunionyesha tawi. Nyuma yetu teksi ikafunga breki kwa kelele, kwa kuwa mjini kwetu kidole kilichonyooshwa juu ni ishara ya abiria anayekwenda katikati ya mji.

"Town, Mama?" aliuliza dereva.

"Hapana, maua," alijibu Doña Marta.

Dereva alisema neno la Kizulu ambalo sitaliandika, akaondoka.

Ndipo Doña Marta, ili kutupitishia muda, alipotufundisha sentensi. Kwa K'iche', alisema, ukitaka kusema tu kwamba mwanamume alikula chakula, unaanza na kitenzi: *xutij ri wa ri achi*. Lakini ikiwa watu wanabishana ni nani aliyekula, unamtoa mwanamume nyuma, unamsimamisha mbele ya wote, na kitenzi nacho lazima kibadili nguo: *are ri achi xtijow ri wa*. Mwanamume ndiye aliyekula chakula.

"Kwa nini kibadili nguo?" aliuliza fundi.

"Amepita mbele mkubwa," alisema Doña Marta. "Hakibaki na nguo za jikoni kitenzi."

Papa Mwamba alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Hiyo aliielewa kuliko sisi wote.

Newtown, kutafuta vifungo

Tulipofika Newtown Papa Mwamba aliegesha mahali ambapo kibao kilisema usiegeshe. Akatuambia tukanunue maji, yeye anakwenda kwa mama wa vifungo. Mimi na Sifa tulipanga foleni ya magwinya ya moto, yale maandazi ya duara yanayokuunguza ulimi na kukuomba radhi kwa sukari. Doña Marta alibaki karibu na gari, akisikiliza watu wakizungumza. Ndiyo burudani yake.

Magwinya yalikuwa ndiyo kwanza yamenifikia mkononi, akaja mbio.

"Amemkamata Papa mlinzi! Amemkamata Papa mlinzi!"

"Papa amemkamata mlinzi?" nilishangaa.

"Hapana! Mlinzi! Papa!"

"Yupi amemkamata yupi?" alipiga kelele Sifa, mikono ikiwa kwenye pini zake.

Nilikumbuka samani za Kiswahili chake: kitenzi, kitendwa, kisha mtendaji. Basi mlinzi ndiye aliyemkamata Papa. Tulikimbia. Sifa alikimbia kwa hatua fupi fupi kama kuku aliyefungwa kanga.

Tulimkuta Papa Mwamba amemshika mlinzi.

Alikuwa amemshika bega kwa mikono miwili, na pini nne mdomoni. Mlinzi, kijana mkubwa wa Bukavu mwenye virungu viwili kiunoni, alikuwa amesimama mikono juu kama mtu anayebatizwa.

"Nani alikushonea hii?" Papa Mwamba alikuwa anamuuliza.

"Papa, hii ni ya kampuni."

"Hiyo kampuni iko na bega moja? Vua."

"Papa, niko kazini. Nilikuja kukwambia hapa hapapakiwi gari."

"Umeisha kuniambia. Vua."

Mlinzi alikuwa ameanza kwa kumkamata Papa, na Papa alikuwa amemaliza kwa kumkamata mlinzi, na Doña Marta alikuwa amesema kweli kwa namna zote mbili. Tulikaa juu ya ukingo wa barabara tukala magwinya yetu huku koti la mlinzi likifumuliwa bega na kushonwa upya kwa mkono. Mlinzi mwenyewe, akiwa na fulana tu, aliwafukuza wengine wote waliojaribu kuegesha pale.

"Papa, tunachelewa," alisema Sifa.

"Mutu hawezi kulinda watu na bega ya namna hii," alijibu.

Mlinzi alipovaa koti lake alitembea mbele yetu kwenda na kurudi kama waziri. Alitusimamishia magari tuondoke. Tulikuwa tumevuka lile daraja refu la nyaya juu ya reli, upepo ukiingia dirishani, Doña Marta akiimba kitu cha kwao, ndipo Sifa alipouliza kwa sauti ndogo:

"Na vifungo?"

Papa Mwamba alizima redio ili kimya kiwe cha heshima.

Kituo cha petroli, chini ya mawe

Mnajua anga la Johannesburg linavyokasirika mchana. Linakuwa la buluu, kisha la kijivu, kisha linakumbuka kitu ulichokikosea mwaka jana. Mvua ya mawe ilitushukia tukiwa tunapanda kaskazini, na Papa Mwamba, anayelipenda gari lake kuliko linavyompenda, akakimbilia chini ya paa la kituo cha petroli. Barafu ilipiga bati juu yetu kama harusi ya vyungu.

Hapo simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Kevin. Tuliusikiliza wote.

"Papa Mwamba, mko wapi jameni? Chakula kinangoja. Na nikuulize kitu kama mzazi kwa mzazi, kabla hamjafika. Nasikia huyu msichana alikuwa na mchumba mwingine, mambo yakaharibikia kanisani. Kwani ilikuwaje? Nataka nisikie kwenu, sio kwa watu."

Sifa aligeuka rangi. Papa Mwamba akainua mkono kumtuliza, akasafisha koo. Na hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo fundi wa Lubumbashi tu angeweza kulifanya. Kwa Kiswahili chake cha kila siku angesema Patrick njo aliacha Sifa, na tungefika tukala. Lakini alikuwa anazungumza na wakwe, tena Wakenya, tena wa benki. Kwa hiyo alivaa Kiswahili bora, kile cha kanisani, chenye kola.

"Salamu katika jina la Bwana, mama mpendwa," alisema kwenye simu. "Usifadhaike moyoni. Ni kweli. Sifa ndiye yule binti aliyemwacha Patrick mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu wote. Nasi tunakuja kwa furaha."

Akatuma. Akatabasamu.

Jibu lilikuja kwa maandishi: "Sawa. Karibuni."

"Nukta mbili," alinong'ona Sifa. "Huyu mama salamu zake zote zina maua na mioyo. Leo ameweka nukta mbili. Papa, umesema nini?"

"Nimesema kweli. Patrick aliacha weye."

"Umesema mimi nilimwacha Patrick!"

"Sikusema vile!"

Tukausikiliza ujumbe tena. Sifa akasikia binti aliyemtupa mwanamume wa watu. Papa akasikia binti aliyetupwa. Mimi, ninayejiita mwandishi wa lugha hii, nilisikia la kwanza, kisha la pili, kisha la kwanza, kama shati linalovaliwa nje na ndani. Mhudumu wa petroli, Mrundi, aliyekuwa amejikinga karibu nasi, alisogea.

"Mimi nimesikia binti alikimbia," alisema. "Pole sana kwa Patrick."

Simu ya Sifa ikalia. Alikuwa Kevin, akinong'ona. "Babe, mmemwambia Mum nini? Ameacha kuongea. Anakata vitunguu. Amemaliza vyetu, amenituma kwa jirani."

Sifa alikata simu, akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, pini mbili zikatoka.

Na Doña Marta? Doña Marta alikuwa anang'aa. Alishika uso wake kwa mikono miwili kama mtu aliyeonyeshwa mjukuu.

"Wote wawili ni *a*," alisema. "Wote wawili ni *m*. *Aliyemwacha*! Anaweza kuwa Sifa *a*. Anaweza kuwa Patrick *a*. Mzuri sana ubaya huu!"

Kwao pia, alisema, kuna mlango kama huo. *Xinilow*: neno moja tu, nalo linafaa kwa mimi niliyemwona yeye na kwa yeye aliyeniona mimi. Unajua ni nani kwa kutazama aliyesimama mbele. *In xinilow ri achi*: mimi ndiye niliyemwona mwanamume. *Are ri achi xinilow*: mwanamume ndiye aliyeniona. "Kwenu amesimama mbele Sifa," alisema, "lakini haijasema kazi yake sentensi."

"Basi tutume nyingine," nilisema. "Sifa ndiye aliyeachwa na Patrick. Hiyo haina pande mbili."

"Usithubutu," alisema Sifa.

Alikuwa ameacha kulia.

"Nikiingia pale na neno hilo, litakaa mezani karibu yangu. Watanipakulia nyama kwa huruma. Kila nikichelewa kupokea simu, wataniangalia: maskini, aliachwa. Bora wafikiri mimi ni mkorofi."

"Wakifikiri hivyo hakuna harusi," nilisema.

"Najua. Ndiyo maana nalia, Mwandishi. Unafikiri ni mawe?"

Hatukuwa na sentensi. Watu wanne, lugha zisizopungua saba kati yetu, na hakuna hata moja iliyotoa sentensi ambayo mwanamke angeweza kuingia nayo nyumbani kwa mkwe akiwa amenyoosha shingo.

Papa Mwamba alivua kofia yake. Alimgeukia Doña Marta.

"Kwenu mutu anasema namna gani, ni mimi niliyekukosea?"

Doña Marta alifikiri. Kitenzi kile cha kumsimamisha mtendaji mbele, alisema, hakiwapokei mimi na wewe pamoja. Mlango ni mwembamba. Lazima mmoja wao awe mtu mwingine, yeye. "Au," alisema, "anaweza kupita *lal*. Ni wewe wa heshima *lal*. Unamwambia mkubwa wako."

Papa Mwamba alitazama mawe yakirukaruka kwenye lami. Kisha akamgeukia binti aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

"Mama Sifa," alisema, akimpa heshima ya mkubwa wake. "Ni mimi. Nilitaka kukupamba na maneno."

Sifa alichukua pini moja kutoka kwenye kola ya baba yake mdogo, akaichoma kwenye gauni. "Sharp, Papa, yameisha," alisema, sauti yake ikiwa bado na maji. "Twende. Hata wakinirudisha, wanirudishe nikiwa nimefika."

Randburg, kwenye geti

Barafu ilivunjika chini ya magurudumu njia yote, kama tunaendesha juu ya vikombe. Tulikosea barabara kwa sababu Doña Marta alisema "Inageuka kushoto njia" na Papa Mwamba akadhani ni amri. Tukazunguka shule, tukazunguka duka la mapazia, tukalizunguka tena. Hakuna aliyelalamika. Nafikiri kila mmoja alitamani Randburg iwe mbali zaidi.

Kisha tukawa tumefika. Ukuta mweupe, geti la chuma, mbwa mwenye ratiba akibweka nje ya ratiba. Sifa alishuka wa kwanza. Nilitaka kumfuata, Doña Marta akanishika mkono.

Geti likafunguka kidogo. Mama Kevin alisimama katikati yake, mfupi, aproni kiunoni, macho mekundu. Sikujua kama ni vitunguu.

"Karibu," alisema, lakini hakusogea. "Umechelewa."

"Tumechelewa, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wacha nikuulize nikiwa nakuangalia. Wewe ndiye uliyemwacha huyo Patrick?"

Kwa *wewe* na *yeye* sentensi haina pande mbili. Angeweza kujibu ndiyo, angeweza kujibu hapana, ni yeye aliyeniacha. Nilimwona akizipima zote mbili kama mtu anayepima viatu. Gauni lilikuwa limepinda upande mmoja. Punje ya barafu ilikuwa inayeyuka kwenye nywele zake.

"Mama," alisema Sifa, "siku ile Patrick hakuja. Aliyekuja ni mimi."

Mama Kevin alimtazama kuanzia nywele mpaka pini ya mwisho, polepole.

"Ulingoja sana?"

"Mpaka padri akaenda kula."

"Ukiwa mlangoni?"

"Mlangoni, Mama. Kama hapa."

Uso wa Mama Kevin ulifanya kitu ambacho nimejaribu kukiandika mara kadhaa na kukifuta. Aliangalia geti aliloliziba, kana kwamba ni mtu mwingine aliyelishika. Kisha akageuza kichwa, akapaza sauti ambayo nadhani ilisikika Newtown.

"Kevin! We Kevin! Mtu amesimama kwenye geti lako na wewe uko wapi?"

Ndani kitu kilianguka, kitu cha bati. Kevin alitokea mbio na mwiko mkononi, wali ukiwa shatini, kiatu kimoja tu mguuni.

"Nimekuja, Mum!"

"Sio mimi. Mwambie yeye."

Kevin alimgeukia Sifa. Alikuwa anahema.

"Nimekuja," alisema.

Mkono wa Doña Marta ulinibana. "Neno moja," alininong'oneza. "Kimebeba kila kitu kitenzi."

Sifa aliuchukua mwiko mkononi mwa Kevin, akaulamba, akasema wali hauna chumvi, na akapita getini.